Kibaya Chajitembeza, Google Hukipa Nauli

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tuliiandikia insha tukiwa shule ya msingi. Wengi wetu tulitunga kisa cha msichana mtulivu aliyeolewa na daktari, na mwenzake mzururaji aliyekuja kujuta. Mwalimu akatupa 28 kwa 40, maisha yakaendelea. Hakuna aliyetuambia kwamba methali yenyewe ina sharti: lazima mnunuzi awe na muda wa kupita meza zote, ashike nyanya, aibonyeze, ainuse, ndipo aamue.

Soko la sasa halina mnunuzi wa aina hiyo. Ukitaka kujua mtu ni nani, unaandika jina lake kwenye simu, unasoma matokeo matatu ya juu, ukijitahidi matano, unafunga. Meza ya kumi na moja iko ukurasa wa pili, na wasee wa mtandao wana utani wa kitambo kwamba ukitaka kuficha maiti, ukurasa wa pili wa Google ndipo mahali. Hapo chema hakijiuzi. Chema na kibaya vyote lazima vitembezwe, na anayefika juu ni yule aliyelipiwa nauli.

Kwa hivyo hapa nataka kuusoma ukurasa wa kwanza wa Google jinsi tunavyosoma hadithi fupi au wasifu wa mtu. Nani ameuandika? Nani ameuhariri? Nini kimeachwa nje, na kwa faida ya nani?

Wasifu usio na jina la mwandishi

Mnavijua vile vitabu vinene vya wanasiasa wetu, vyenye picha ya mheshimiwa akitabasamu kwenye jalada. Ukivisoma unajua wa kumlaumu. Jina la mwandishi liko pale, mchapishaji yuko, na ukichungulia ukurasa wa shukrani unaweza kukisia ni nani alilipa. Ukurasa wa kwanza wa Google nao ni wasifu. Una kichwa, ambacho ni jina lako. Una picha, muhtasari, na sura kama kumi hivi. Unasomwa na anayetaka kukuajiri, na mwenye nyumba unayetaka kuhamia kwake, na mamake mpenzi wako. Lakini hauna jina la mwandishi, kwa hivyo tunausoma kana kwamba hakuna aliyeuandika. Tunauchukulia kuwa ukweli uliojipanga wenyewe.

Haukujipanga. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamifu wa Stanford ambao hawakuimaliza digrii hiyo (nawasalimu wenzangu), walieleza wazo rahisi: kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama kura. Tovuti yenye kura nyingi inapanda juu, hasa kura hizo zikitoka kwa tovuti ambazo zenyewe zimepigiwa kura. Wakaliita PageRank. Ni wazo zuri sana. Ila Mkenya yeyote ukimwambia jambo litaamuliwa kwa kura, maswali yake ni yale yale: nani anahesabu, na za kununuliwa ziko wapi?

Hata wenyewe walijua. Kwenye makala yao ya kitaaluma ya mwaka huo huo walionya kwamba mtambo wa kutafuta unaoishi kwa pesa za matangazo utaegemea upande wa watangazaji na kumwacha mtumiaji. Mwaka 2000 kampuni yao ikaanza kuuza matangazo kando ya matokeo. Onyo liliandikwa na wenye duka, likabaki kwenye makala, duka likafunguliwa.

Bomu la maskini

Kabla pesa haijazoea mchezo huu, walioucheza walikuwa watu wenye muda na kijembe. Mwaka 2001 mwanablogu Mmarekani, Adam Mathes, aliwaomba wasomaji wake waweke viungo kuelekea tovuti ya rafiki yake, na juu ya kila kiungo waandike maneno ya kumtania kwamba hana kipaji. Ikafanya kazi. Aliyeyatafuta maneno hayo alimkuta yule rafiki. Mchezo ukapewa jina: bomu la Google.

Mwaka 2003 bomu likamwangukia George W. Bush. Ukitafuta maneno "miserable failure", yaani mtu aliyefeli vibaya, tokeo la kwanza lilikuwa wasifu wake rasmi kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani. Angalia ufundi wake. Waliolipua hawakuandika hata sentensi moja ya uongo kumhusu. Waliuchukua wasifu ulioandikwa na watu wake mwenyewe, wakaubadilisha kichwa tu. Yeyote aliyewahi kuandika anajua kichwa kinaweza kugeuza maana ya kila kitu kilicho chini yake.

Mwaka huo huo seneta wa Pennsylvania, Rick Santorum, alitoa matamshi ya kuwadhalilisha mashoga. Mwandishi wa safu Dan Savage akawaalika wasomaji wake watunge maana mpya ya jina la seneta. Ikachaguliwa maana chafu ya chumbani, sitaiandika hapa, ikajengewa tovuti yake, na kwa miaka mingi ikamkalia mzee kichwani. Mwaka 2011, akiwa anatafuta tiketi ya urais, aliiomba Google iiondoe. Google ikakataa.

Januari 2007 Google ilikuwa imetangaza marekebisho ya kuzima mabomu ya namna hii. La Bush likazimika. La Santorum likabaki. Ninavyosoma mimi, tofauti ni hii: la Bush lilikuwa kichwa kilichobandikwa juu ya andiko lisilohusika, na mashine ikajifunza kuona kwamba kichwa na andiko havilingani. La Santorum lilikuwa andiko kamili, lenye jina lake, mada yake na wasomaji wake. Mashine haina namna ya kuuliza andiko limeandikwa kwa nia gani.

Unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Wote wawili walikuwa watu wakubwa wenye majukwaa ya kujitetea. Lakini kuna watu wengine waliokuwa wakiangalia mchezo huo bila kucheka, wakiandika noti. Walichojifunza ni kwamba jina la mtu kwenye mtandao ni kama shamba lisilo na hati. Anayewahi kulima ndiye anayeonekana mwenyewe.

Sisi na 2017

Huku kwetu mchezo ulifika ukiwa na bajeti. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, Mkenya aliyetafuta habari za uchaguzi kwenye Google aliweza kukutana na tangazo la tovuti iitwayo The Real Raila. Ukifungua, unakuta video ya kutisha inayoonyesha Kenya ya mwaka 2020 iliyosambaratika kwa sababu hayati Raila Odinga alishinda. Kando yake kulikuwa na tovuti nyingine, Uhuru for Us, ya kumsifu mpinzani wake. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International la London lilichapisha uchunguzi wake: tovuti zote mbili zilitoka kwa kampuni moja, Harris Media ya Austin, Texas, ambayo pia ilikuwa imewafanyia kazi Donald Trump na chama cha AfD cha Ujerumani. Kisha Machi 2018 mkurugenzi mmoja wa Cambridge Analytica akanaswa na kamera za siri za Channel 4 akijigamba jinsi walivyokisuka upya chama kilichokuwa madarakani Kenya, mara mbili.

Wengi tuliisoma habari hiyo kama habari ya Facebook na data zilizoibwa. Mimi nataka tukae kidogo na lile tangazo la Google, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwa ujanja zaidi. Jina lenyewe limefanya nusu ya kazi. "Raila Halisi": maana yake Raila unayemjua ni wa kuigiza, na sisi tumekuja na yule wa nyuma ya pazia. Halafu mahali lilipowekwa. Bango la Thika Road linakukuta na shughuli zako, uko kwa matatu, unawaza karo, unaweza kulipuuza. Tangazo la Google linakukuta umeuliza swali. Umeshafungua mlango mwenyewe, umekaa mkao wa kujibiwa. Anayekujibu wakati huo hahitaji kukushawishi sana, anahitaji tu kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapopima kampeni za mtandao kwa kuangalia tu kinachotrendi. Ni kweli, huko nako kuna soko. Mwaka 2021 Odanga Madung na Brian Obilo, wakiandikia Wakfu wa Mozilla, walionyesha jinsi vijana wa Kenya wanavyolipwa kusukuma heshitegi za kuwashambulia majaji, wanaharakati na wanahabari, kwa malipo ya kama dola 10 hadi 15. Lakini heshitegi ina maisha ya inzi. Mwaka 2015 CNN ilipotuita kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya Obama kutua Nairobi, tuliwaka na #SomeoneTellCNN mpaka bosi wao mmoja akapanda ndege kuja kuomba msamaha. Tulishinda wiki ile. Swali la miezi mingi baadaye ni tofauti: mtu wa Ohio anayetafuta kama Kenya ni salama, anakutana na nini? Kinachotrendi ni makelele ya leo jioni. Matokeo ya kutafuta ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo hutumiwa kukuhukumu ukiwa haupo.

Kuzika si kufuta

Watu wengi hudhani kusafisha jina mtandaoni maana yake ni kufuta. Kufuta ni kugumu. Kinachofanyika ni kuzika: unamwaga mchanga juu ya habari mbaya mpaka inashuka ukurasa wa pili.

Mfano ninaoupenda ni wa chuo kikuu, na msinilaumu kwa kuupenda. Tarehe 18 Novemba 2011, kwenye Chuo Kikuu cha California, Davis, polisi wa chuo aliwanyunyizia dawa ya pilipili wanafunzi waliokuwa wamekaa chini wakiandamana kwa amani. Picha ikazunguka dunia. Chuo kikaja kuimaliza kesi ya wanafunzi 21 kwa dola milioni 1 kwa jumla. Halafu, Aprili 2016, gazeti la Sacramento Bee likafichua kwamba chuo hicho kilikuwa pia kimewalipa washauri angalau dola 175,000 kusafisha sura yake na ya mkuu wake kwenye Google. Mpango ulikuwa kumwaga habari nyingi nzuri ili picha ile ishuke chini. Gazeti lilipoandika hivyo, kila mtu akaitafuta upya picha ile, ikapanda juu kuliko awali. Miezi michache baadaye mkuu wa chuo, Linda Katehi, akajiuzulu.

Kisa hicho kinafurahisha kwa sababu kuna gazeti la mji lenye wanahabari wa kuomba nyaraka za chuo cha umma na kuzisoma. Ondoa gazeti hilo, na mchanga ungebaki juu. Februari 2023 muungano wa wanahabari ulioongozwa na Forbidden Stories ulichapisha yaliyomo kwenye nyaraka karibu 50,000 za kampuni ya Kihispania iitwayo Eliminalia. Wateja wake walikuwa mamia, kutoka nchi nyingi, wakiwemo watu waliohusishwa na ufisadi na ulanguzi. Kampuni ilikuwa na zaidi ya tovuti 600 zilizojifanya za habari. Pia ilituma madai bandia ya hakimiliki: unaiga makala ya mwanahabari, unaweka tarehe ya nyuma, halafu unamshtaki yeye kwa Google kwamba amekuibia. Mwizi anapiga kelele za mwizi, na mashine inamkamata mwenye mali.

Sasa tuseme kuhusu mchanga wenyewe. Unaandikwa na nani? Hapo naweza kuongea bila kunukuu mtu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kulipika, na kama vijana wengi wa Nairobi wenye kompyuta ya mtumba na bando la usiku, nikaingia uandishi wa mtandaoni. Job inakuja na maelekezo: maneno 500, jina la mtu litokee mara sita, mara moja kwenye kichwa na mara moja aya ya kwanza. Taja uongozi, taja maono, taja jamii. Usitaje kesi. Mteja humjui, unajua tu jina la yule anayekutumia doo kwa M-Pesa. Unaandika makala manne kuhusu mfanyabiashara mmoja wa bara lingine: mawazo yake kuhusu uongozi, mapenzi yake ya gofu, miti aliyopanda, vitabu vitano vilivyobadilisha maisha yake.

Ni utanzu kamili, na unastahili mhakiki. Shairi la Kiswahili lina vina na mizani. Utanzu huu nao una vyake: jina, cheo, mji, jina, cheo, mji. Hauna wakati uliopita, kwa sababu wakati uliopita ndio unaozikwa. Hauna wapinzani, hauna mazungumzo, hauna hali ya hewa. Kila sentensi ni kweli, au haina maana kiasi kwamba haiwezi hata kuwa uongo. Malenga wa zamani waliowasifu wakubwa angalau walikula nao, na kila mtu alijua shairi ni la nani. Sisi tunasifu gizani, kwa bei ya wiki moja ya unga na mafuta, na hatujui tunamfunika nani.

Mashamba matupu

Mwaka 2018 watafiti wawili, Michael Golebiewski na danah boyd, walieleza kitu ambacho naweza kukiita pengo la data: kuna maneno ambayo ukiyatafuta unakuta karibu hakuna kitu, na pengo kama hilo ni rahisi kujazwa na yeyote mwenye nia. Bush alikuwa na maelfu ya kurasa. Kumlipua kulihitaji umati. Lakini fikiria mwakilishi wadi wa Kenya, au mkandarasi aliyepewa tenda ya daraja lisilojengwa. Kaunti zetu ni 47, na magazeti makubwa yenye wanahabari wa kukaa huko ni ya kuhesabu kwa vidole. Kumhusu mtu huyo pengine kuna habari moja tu, aya sita, ya mwaka 2019. Makala kumi ya maneno 500 yanatosha kuizika. Umaskini wa kumbukumbu zetu umefanya kusafisha jina kuwe bei rahisi.

Na upande wa pili ni mbaya zaidi. Mtu wa kawaida, mwalimu wa chekechea, fundi, dada aliyegombana na mpenzi wa zamani mwenye hasira na blogu, hana kurasa kumi za kumtetea. Andiko moja la chuki likiwahi shamba tupu, ndilo linakuwa wasifu wake. Hahitaji adui mwenye kampuni Texas.

Mashine yenyewe inachangia. Unaanza kuandika jina la mtu, nayo inakumalizia sentensi kutokana na yale ambayo wengine wametafuta. Bettina Wulff, mke wa aliyekuwa rais wa Ujerumani, aliishtaki Google mwaka 2012 kwa sababu jina lake lilikuwa linamaliziwa na maneno ya kumhusisha na ukahaba, uvumi aliokana siku zote. Kampuni ilijitetea kwamba maneno hayo yanatokana na watu wanavyotafuta. Huo ndio umbea ulivyo. Shangazi wa mtaa naye husema hivyo hivyo: si mimi, ni watu wanasema. Mei 2013 Mahakama Kuu ya Haki ya Ujerumani iliamua, kwenye kesi ya mtu mwingine, kwamba Google ikijulishwa kuwa pendekezo linamvunjia mtu haki zake, inapaswa kuliondoa.

Na jina si lazima liwe la mtu mmoja. Safiya Umoja Noble, katika kitabu chake Algorithms of Oppression cha 2018, anaeleza jinsi alivyotafuta kwa Kiingereza maneno ya "wasichana weusi" miaka ya nyuma na kuletewa ponografia juu kabisa. Hakuna mtu aliyekaa kwenye ofisi akaamua hivyo. Biashara ya ponografia ilikuwa imelipia na kulima shamba lile kwa bidii, na wasichana wenyewe hawakuwa na kampuni ya kuwalimia. Kitabu cha Noble kinarudia hoja yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika, lakini hoja yenyewe imesimama: mpangilio wa matokeo ni uamuzi, hata kama umefanywa na hesabu.

Haki ya kusahauliwa, ukiwa na viza

Kuna dawa? Tarehe 13 Mei 2014 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Mhispania mmoja ambaye jina lake lilikuwa linaleta tangazo la gazeti la 1998, nyumba yake ikipigwa mnada kwa ajili ya deni alilokwisha kulipa. Alishinda. Tangu hapo Mzungu wa Ulaya anaweza kuiomba Google isionyeshe matokeo yaliyopitwa na wakati au yasiyo na umuhimu anapotafutwa kwa jina. Kejeli ni kwamba alishinda haki ya kusahauliwa na sasa anatajwa kwenye kila kitabu cha sheria ya mitandao. Hapa angalau simtaji.

Septemba 2019 mahakama hiyo hiyo ikaongeza mpaka: Google hailazimiki na sheria ya Ulaya kuondoa matokeo hayo duniani kote. Kwa hivyo mtu anaweza kusahauliwa Madrid na kukumbukwa Nairobi.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, au zisizostahili kuwekwa zifutwe. Ni haki nzuri kwa yule mwalimu wa chekechea. Ninachoogopa ni foleni. Kwa kawaida anayefika kwanza mbele ya ofisi yoyote ya Kenya na wakili si mwalimu wa chekechea. Ni yule mkandarasi wa daraja. Sheria imetoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa zenye manufaa kwa umma, na hapo ndipo sisi tunaoandika tunapaswa kusimama kwa miguu miwili. Kipimo changu ni rahisi: uliyoyafanya ukiwa na mamlaka au pesa ya umma si yako kuyafuta. Uliyofanyiwa, au uliyoyafanya ukiwa na miaka kumi na tisa bila cheo chochote, ni yako.

Tarehe 10 Agosti 2027

Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana walifanya kitu ambacho wahakiki wa fasihi hatukukipa heshima yake. Walitengeneza vijiroboti vya kuongea. Kimoja kilikueleza mswada kwa lugha ya mtu. Kingine, Corrupt Politicians GPT, ulikiandikia jina la mwanasiasa kikakupa kashfa zake. Kwa maneno mengine, waliandika ukurasa wa kwanza mbadala. Walikataa kusoma wasifu waliotayarishiwa.

Nilikipenda, lakini kilinitia wasiwasi pia. Roboti haendi Homa Bay kuhoji mtu. Anakula kile kilichoandikwa, na kama kilichoandikwa ni mchanga, atakutapikia mchanga kwa sarufi safi. Mwezi mmoja kabla, Mei 2024, Google yenyewe ilizindua Marekani muhtasari wake wa akili unde, na muda si muda ukawashauri watu watie gundi kwenye piza, ushauri uliotokana na mzaha wa mtu mtandaoni. Gundi tunaicheka kwa sababu tunaijua ladha ya piza. Ukiambiwa mkandarasi fulani ni mfadhili mkubwa wa elimu, utajuaje? Zamani angalau uliona viungo kumi na ungeweza kushuku. Sasa unapewa aya moja yenye sauti ya kujiamini.

Kwa hivyo kazi iko pale pale, chini kabisa, kwenye kuandika. Kama unaandika kuhusu kiongozi, weka jina kamili, kaunti, tarehe na kiasi cha pesa, hata kwenye insha, hata kwenye blogu yako ya watu arobaini. Andika na kwa Kiswahili, kwa sababu mashamba matupu zaidi ni ya lugha yetu. Ukiona habari muhimu, ihifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Ni bure, na haichukui muda mrefu. Gazeti dogo la kaunti likifungwa, habari zake zinaweza kutoweka nalo, na siku hiyo kuna mtu anafungua shampeni.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Mabango bado hayajajaa barabarani, lakini ukurasa wa kwanza haungoji mabango. Mahali fulani, maelekezo yameshatumwa: maneno 500, jina mara sita, taja maono, usitaje kesi. Wewe utakuja kuuliza "huyu ni nani?" wiki moja kabla ya kupiga kura, na jibu litakalokukuta litakuwa limeandikwa na kijana wa Roysambu, usiku, bando likikaribia kuisha, ambaye naye hakuambiwa ni la nini.